Boila Ikigoma Wakati wa Baridi

Mwongozo huu ni kwa Waswahili tunaoishi Uingereza, katika nyumba ambazo joto la vyumbani na maji ya kuogea vyote vinategemea sanduku moja jeupe lililotundikwa jikoni au kabatini. Sanduku hilo ni boila ya kombi. Wengi wetu tumekulia mahali ambapo maji ya moto hutoka sufuriani au kwenye shawa ya umeme, na joto la nyumba halijawahi kuwa jambo la kufikiria. Hakuna aliyetufundisha boila. Kwa hiyo inapogoma, na kwa kawaida hugoma wakati wa baridi kali inapofanya kazi nyingi zaidi, tunapiga namba ya kwanza tunayoiona, tunasema "boila mbovu", halafu tunalipa tunachoambiwa.

Ninachotaka kukwambia ni hiki. Mtu anayeweza kueleza boila yake inafanya nini, tangu lini, na baada ya jambo gani, hutengenezewa haraka na kwa gharama ndogo kuliko anayesema tu kwamba haifanyi kazi. Si lazima uwe fundi. Unatakiwa kutazama kwa makini, kuandika unachokiona, na kujua mahali ambapo mkono wako lazima uishie.

Tuanze na usalama, kwa kuwa haya mengine yote yanaweza kusubiri. Ukisikia harufu ya gesi usiwashe wala kuzima swichi yoyote na usiwashe kiberiti. Fungua madirisha, funga koki ya gesi iliyo kwenye mita kama unaifikia, toka nje na watoto, kisha piga 0800 111 999. Namba hiyo ni ya bure na hupokelewa saa 24 kwa walio England, Scotland na Wales. Watakaokuja wataondoa hatari tu. Kutengeneza boila si kazi yao, kwa hiyo fundi utamtafuta baadaye.

Harufu ya gesi angalau hukuamsha. Kaboni monoksaidi haina harufu, haina rangi, na huua watu wakiwa usingizini. Kama watu wote wa nyumba wanaumwa kichwa, wana kizunguzungu, kichefuchefu au wanakosa pumzi, na hali inapungua wakitoka nje, zima boila na jiko la gesi, wote mtoke, mpige namba hiyohiyo. Mtu akizidiwa, piga 999. Kengele ya kaboni monoksaidi inauzwa £20 hivi. Hakikisha imeandikwa EN 50291, iweke kwenye chumba chenye boila, na ubonyeze kitufe chake cha majaribio mara kwa mara. Kama nyumbani kwako haipo, inunue leo kabla ya kushughulika na jambo jingine lolote la boila.

Boila inavyofanya kazi

Ndani ya boila ya kombi kuna njia mbili za maji zisizochanganyika. Ya kwanza ina maji yaleyale mwaka mzima: yanapashwa moto, yanasukumwa na pampu hadi kwenye rejeta za ukutani, yanarudi yakiwa yamepoa, yanapashwa tena. Ya pili ni maji safi ya bomba, ambayo hupita na kupata moto papo hapo unapofungua koki ya maji ya moto. Hakuna tangi la kuyahifadhi. Kuna valvu inayoitwa daivata, nayo ndiyo inayoamua joto liende kwenye rejeta au kwenye bomba. Anayefungua bomba hupewa kwanza, ndiyo maana rejeta hupoa kidogo mtu akikaa bafuni muda mrefu. Hilo si hitilafu.

Jambo la pili la kujua ni kwamba tangu 2005, boila mpya za gesi zinazofungwa England na Wales, isipokuwa katika hali chache maalumu, ni zile zinazopoza moshi wake hadi mvuke uliomo ugeuke maji. Maji hayo, ambayo yana asidi kidogo, hutoka kwa bomba jembamba la plastiki hadi kwenye mfereji. Bomba hilo ndilo husababisha usumbufu mwingi siku za barafu, na nitalirudia.

Kabla ya kumpigia fundi

Tazama skrini ya boila. Kama kuna herufi au namba inayowaka, iandike au uipige picha kabla hujabonyeza kitu chochote. Watu wengi hukimbilia kitufe cha kuwasha upya, maandishi yanapotea, na kidokezo kikubwa kuliko vyote kinapotea nayo. Kila mtengenezaji ana lugha yake. Kwenye Vaillant, F22 ni presha ndogo ya maji na F28 ni moto kushindwa kuwaka. Kwenye Ideal Logic, F1 ni presha ndogo na L2 ni moto kushindwa kuwaka. Baxi huonyesha E119 kwa presha na E133 kwa gesi au kuwaka. Worcester Bosch nyingi zikionyesha EA, maana yake hazioni mwali wa moto. Kitabu cha boila yako kina orodha kamili, na kama kimepotea, tovuti ya mtengenezaji inacho; ukitafute kwa jina kamili la modeli.

Kama skrini iko giza kabisa, shuku umeme. Kando ya boila kuna swichi ndogo ya ukutani yenye fyuzi, ambayo watoto na wageni huizima wakidhani ni ya taa au ya feni ya jiko. Tazama pia kwenye boksi la umeme la nyumba kama kuna swichi iliyoanguka. Fyuzi ya boila kwa kawaida ni ya ampea 3. Ukiweka mpya ikaungua tena, usiweke ya tatu na usiweke kubwa zaidi: kuna kitu ndani kinavuta umeme kupita kiasi, na hiyo ni kazi ya fundi.

Halafu gesi. Washa jiko la gesi, kama unalo. Likikataa, tatizo liko nje ya boila. Wenye mita ya kulipia kabla waangalie salio, na wakumbuke kwamba baada ya kuongeza pesa baadhi ya mita hukusubiri ubonyeze kitufe ndipo zifungulie gesi. Fundi aliyeitwa akakuta salio limekwisha atatoza gharama ya safari yake vilevile, na ana haki.

Kama bomba linatoa maji ya moto lakini rejeta ni baridi, nenda kwenye thamostati ya ukutani kabla ya kuilaumu boila. Betri zake huisha kimya kimya. Pia saa hubadilishwa hapa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, na taima za zamani hazijui habari hiyo, kwa hiyo hitingi, yaani joto la rejeta, inawaka saa ambazo hukuzipanga. Pandisha thamostati juu kabisa kwa dakika chache usikilize kama boila inaitika.

Sasa presha, ambayo ndiyo sababu ya simu nyingi sana. Chini ya boila, au kwenye skrini, kuna geji. Boila ikiwa baridi inatakiwa isome kati ya 1 na 1.5. Ikipata moto hupanda kidogo, hadi 2 hivi, kisha hurudi. Ikishuka karibu na sifuri, boila hukataa kuwaka kwa sababu ikipasha moto mahali pasipo na maji itajiharibu. Kuongeza presha ni kazi unayoweza kuifanya mwenyewe. Mazungumzo yafuatayo ni ya simu kati ya kijana na shangazi yake, na nimeyaandika kwa sababu yanaonyesha kazi yenyewe kuliko maelezo yangu.

"Shikamoo shangazi. Umeizima boila?"

"Marahaba. Nimeizima, na imepoa."

"Inama utazame chini yake. Kuna mpira uliofunikwa kwa nyuzi za chuma, unaunganisha mabomba mawili?"

"Naam, nauona. Una koki ndogo kila upande."

"Sindano ya geji iko wapi?"

"Imelala kwenye sifuri."

"Basi fungua koki ya kwanza yote. Ya pili ifungue taratibu, robo tu. Unasikia maji?"

"Nayasikia yanapita."

"Usitoe jicho kwenye geji. Ikifika moja na nusu funga zote mbili, ukaze."

"Imefika. Nimefunga."

"Subiri dakika tano uitazame tena. Ikiwa imetulia, washa."

Kwenye baadhi ya boila hakuna mpira wa nje. Kuna kishikio cha plastiki au ufunguo maalumu, na kitabu kinaonyesha namna ya kuutumia. La muhimu ni polepole, na kufunga koki zote mbili. Ukisahau moja, presha itaendelea kupanda hadi 3, na hapo valvu ya usalama itafunguka imwage maji nje ya nyumba.

Siku za barafu, boila ikigoma huku inatoa sauti ya kububujika kama mtu anayenywa kwa mrija, nenda nje ukatazame lile bomba jembamba la plastiki. Likiganda, maji hurudi ndani na boila hujizima. Chukua maji ya moto ya kuogea, yasiwe ya kuchemka kwa sababu yanaweza kupasua plastiki na kukuunguza, umwagie bomba kuanzia mwisho wake ukipanda juu, au ulifunge kwa chupa ya mpira yenye maji ya moto. Usipande ngazi kwenye barafu kwa ajili hii. Likiyeyuka, washa boila upya. Likiganda kila mwaka, mwambie fundi alifunge sponji au aliweke kubwa zaidi, maana inawezekana lilifungwa dogo kuliko linavyotakiwa kuwa nje ya nyumba.

Kuhusu kitufe cha kuwasha upya: kibonyeze mara moja, ya pili kama umerekebisha kitu. Zaidi ya hapo acha. Boila inayojizima inakataa kwa sababu, na kuilazimisha ni kubishana na kifaa kilichowekwa kukulinda.

Dalili zinavyosema

Hapa ndipo msomaji mwangalifu humsaidia fundi kuliko anavyodhani. Chukua daftari au simu, uandike kwa siku chache.

Presha ikishuka tena baada ya kuijaza, kuna mahali maji yanatoka, au kuna kifaa ndani kinachoyafukuza. Weka karatasi kavu ya jikoni chini ya kila koki ya rejeta usiku. Asubuhi alama ya kutu au unyevu itajionyesha. Kisha tazama nje, kwenye ukuta ulio nyuma ya boila, utafute bomba dogo la shaba lililoelekezwa chini au kwenye ukuta. Lifunge mfuko wa plastiki kwenye mdomo wake, mlegevu. Ukikuta maji mfukoni, valvu ya usalama inamwaga. Sasa tazama geji wakati hitingi inawaka: kama inapanda kutoka 1 hadi karibu 3, halafu ikipoa inaanguka sifuri, mshukiwa ni chombo cha kupokea upanuzi wa maji, ambacho kimepoteza hewa yake. Mwambie fundi maneno hayohayo: inapanda hadi tatu ikiwa moto, inaanguka sifuri ikiwa baridi, na maji yanatoka nje. Fundi mzuri atajua pa kuanzia kabla hajashuka garini. Na kama karatasi ni kavu, mfuko ni mtupu, lakini presha bado inashuka, huenda maji yanavuja ndani ya boila yenyewe, au chini ya sakafu. Mwulize kama anaweza kufunga koki za boila usiku mmoja aone presha inashuka upande gani. Kipimo hicho hakigharimu kitu, na kinaweza kukuepusha na kung'olewa mbao za sakafu bure.

Rejeta zikipata moto wakati wa kiangazi, hitingi ikiwa imezimwa na wewe umefungua bomba tu, daivata imekwama katikati. Ikiwa unapata maji ya moto pale tu hitingi inapowaka, hiyo nayo ni daivata. Maji yakija moto, yakawa baridi, yakarudi moto huku hujagusa bomba, mara nyingi kibadilisha-joto cha maji ya bomba kimejaa chokaa. London na kusini mashariki maji ni magumu, na chokaa unayoiona kwenye birika lako ndiyo iliyomo ndani ya boila. Lakini jaribu kwanza: punguza kasi ya maji bombani. Yakipata moto vizuri yakiwa kidogo, huenda boila ni nzima, ila unaidai maji mengi kuliko inavyoweza kupasha, hasa Januari maji ya mtaani yanapokuwa baridi sana.

Rejeta baridi juu na moto chini ina hewa. Izime hitingi, ipoe, ufungue kijiti cha juu kwa ufunguo wake huku umeshika kitambaa, hewa ichuruzike, ufunge maji yakianza kutoka. Utalazimika kuongeza presha baadaye. Baridi chini na moto juu ni tope la kutu lililotuama, na hilo linahitaji kusafishwa na fundi kwa mashine. Kazi hiyo ni ya mamia ya pauni, kwa hiyo usiikubali kwa neno tupu. Mwombe akuonyeshe maji meusi aliyoyatoa.

Na kama boila inawaka sekunde chache kisha inazima, inajaribu tena, inazima, hesabu mara inazojaribu na urekodi video yenye sauti. Hitilafu zinazokuja na kwenda ndizo zinazomaliza pesa za watu, kwa sababu fundi akifika boila inawaka vizuri. Video ya dakika moja ina thamani kubwa hapo.

Mkono wako unaishia hapo. Usifungue mfuniko wa boila. Kwenye boila nyingi mfuniko huo ni sehemu ya kinachozuia moshi usiingie chumbani, na ukiurudisha vibaya huwezi kuona wala kunusa kosa lako. Usiguse bomba la gesi. Usizibe tundu la moshi lililo nje, hata kama linapuliza mvuke kwa jirani.

Kumpata fundi na kuzungumza naye

Sheria inataka kila anayefanya kazi ya gesi kwa malipo awe amesajiliwa na Gas Safe Register. Rejista hiyo ilichukua nafasi ya CORGI mwaka 2009, kwa hiyo tangazo linalojivunia usajili wa gesi wa CORGI leo ni sababu ya kupiga simu kwingine. Kila fundi ana kadi yenye picha, namba yake na tarehe ya kwisha. Igeuze: nyuma ndiko kumeandikwa kazi anazoruhusiwa. Mtu anaweza kuwa halali kwa majiko na asiwe halali kwa boila. Namba ihakikishe kwenye tovuti ya rejista kabla hajafungua kitu.

Hapa nitasema jambo ambalo wengine wataliona gumu. Kwenye makundi yetu ya simu kuna daima kaka mmoja anayejua boila, anatoza nusu ya bei, anakuja usiku, na anazungumza lugha yetu. Kama ana kadi, mpe kazi na umlipe vizuri, tunamhitaji. Kama hana, mkaribishe chai na boila asiiguse. Anavunja sheria, bima ya nyumba inaweza kukataa kulipa, na watakaopumua moshi ni watoto wako. Undugu haupimi kaboni monoksaidi.

Ukipiga simu, toa jina kamili la boila na umri wake, maandishi ya skrini, presha ikiwa baridi na ikiwa moto, tatizo lilianza lini, na kama kuna kazi yoyote iliyofanyika nyumbani karibuni, hata rejeta iliyotolewa ili ukuta upakwe rangi. Kibandiko cha modeli kiko chini ya boila au nyuma ya kifuniko kidogo cha mbele. Tuma picha. Kisha uliza: ada ya kuja ni kiasi gani, inajumuisha saa ya kwanza au hapana, VAT imo, na ukarabati una dhamana ya muda gani. Anayekataa kujibu maswali haya kwenye simu atakuwa mgumu zaidi akishaingia jikoni. Kabla ya hapo, hata hivyo, angalia kama boila bado iko ndani ya waranti ya mtengenezaji, kwa sababu ukimruhusu mtu mwingine kuifungua unaweza kuipoteza. Hata nje ya waranti, baadhi ya watengenezaji hutuma mafundi wao kwa bei moja iliyopangwa, pamoja na vipuri, na kwa boila yenye hitilafu ngumu huo mara nyingi ndio uamuzi bora.

Akifika, eleza dalili wala usitaje kifaa. Ukisema "nadhani ni kadi ya umeme iliyo ndani ya boila, niwekee mpya," na akaiweka, na tatizo likabaki, umenunua kadi. Ukisema "maji ya moto yanakata kila baada ya dakika mbili, nitafutie sababu," kazi ya kupata sababu ni yake. Tofauti hiyo ya sentensi inaweza kuwa tofauti ya mamia ya pauni.

Fundi akitaja kipuri, muulize kwa upole: umepima nini kikakuonyesha kwamba hiki ndicho kibovu? Anayejua kazi hufurahia swali hilo. Atakuonyesha mita yake au atakueleza alichokiondoa katika orodha ya washukiwa. Anayebahatisha hukasirika. Kama ni kadi ya umeme, uliza iliuawa na nini, maana mara nyingi kuna tone la maji linaloiangukia, na kadi mpya itakufa vilevile. Mwombe akuachie kipuri cha zamani. Mwishoni akupe karatasi: alichokikuta, alichokifanya, bei, namba yake ya Gas Safe.

Usishangae akibandika onyo kwenye boila. Mafundi wana daraja mbili za hatari: ile ya papo hapo, ambapo ataomba ruhusa kuitenga boila na gesi, na ile ya uwezekano wa hatari, ambapo ataomba kuizima. Kubali, kisha omba maelezo kwa maandishi. Onyo la kweli lazima liheshimiwe. Lakini onyo si mkataba wa kununua boila mpya kutoka kwake. Ukiambiwa boila haitengenezeki, uliza kama vipuri havipatikani tena au ni ghali tu, na ulete fundi wa pili. Boila ya miaka 15 inayovuja kwenye kibadilisha-joto kikuu, ndiyo, badilisha. Ya miaka saba yenye pampu mbovu inatengenezwa. Usisaini mkataba wa boila mpya usiku nyumba ikiwa barafu na mtoto analia. Nunua hita mbili za umeme, ulale, uamue asubuhi. Ukiwa tayari umesaini nyumbani kwako, kwa kawaida una siku 14 za kujitoa, ingawa ukiwaomba waanze kazi mapema unaweza kudaiwa walichokwisha kukifanya.

Mpangaji halipii boila

Kama umepanga England, mwenye nyumba ndiye mwenye wajibu wa kutengeneza mfumo wa joto na maji ya moto, kwa mujibu wa Landlord and Tenant Act ya 1985, kifungu cha 11, na huwezi kupokonywa haki hiyo na sentensi ya mkataba. Lazima pia boila ikaguliwe na fundi wa Gas Safe kila miezi 12, na upewe nakala ya cheti ndani ya siku 28. Tangu Oktoba 2022 anatakiwa aweke kengele ya kaboni monoksaidi kwenye kila chumba cha kuishi chenye boila. Mpigie simu, halafu siku hiyohiyo umwandikie barua pepe yenye tarehe, picha ya skrini, na kama nyumbani kuna mtoto mchanga, mgonjwa au mzee. Simu haiachi ushahidi. Akinyamaza, peleka maandishi hayo idara ya afya ya mazingira ya halmashauri yako. Usizuie kodi ya nyumba kama adhabu, hata ukiwa na hasira ya haki, kwa sababu utampa sababu ya kukutoa.

Uliyelipa mwenyewe na kazi ikawa mbovu, Consumer Rights Act ya 2015 inataka huduma ifanywe kwa uangalifu na ustadi wa kutosha. Mpe fundi nafasi ya kurudi kurekebisha bila malipo. Akikataa, dai upunguziwe bei, na Citizens Advice watakusaidia kuandika barua. Bei ikizidi £100, lipa kwa kadi ya mkopo, maana hapo kampuni ya kadi inawajibika pamoja na muuzaji. Anayetaka fedha taslimu peke yake, tena bila risiti, ameshakueleza atakavyokujibu boila ikigoma tena.

Ukiwa unasubiri fundi, chomeka hita ya umeme moja kwa moja ukutani, usiunganishe kwenye waya wa kuongezea. Usiwashe jiko la gesi au ovena ili kupasha chumba. Na usiingize ndani jiko la mkaa, hata la kuchomea nyama, hata dirisha likiwa wazi. Kwetu tunazijua familia zilizolala na jiko la mkaa chumbani zisiamke. Nyumba za Uingereza zimezibwa dhidi ya upepo kuliko za kwetu, na moshi huo hauna pa kutokea.

Mwite fundi wa ukaguzi wa mwaka mwezi Agosti au Septemba, mafundi wanapokuwa na nafasi, na uombe kitabu cha boila kijazwe, kwa sababu waranti nyingi zinadai uthibitisho huo. Leo, boila ikiwa nzima, piga picha ya kibandiko cha modeli, picha ya geji ikiwa baridi, na picha ya koki ya gesi kwenye mita. Watumie wote wanaoishi nawe, na uwaonyeshe kengele iko wapi.